Mimi wa Kukodi: Iacocca, Trump na waandishi kivuli wa miaka ya 1980

Mwezi uliopita nilinunua vitabu viwili kwa mkupuo mmoja kutoka kwa muuza vitabu vya mitumba anayepanga mali yake chini kwenye turubai, hapa katikati ya Dar es Salaam. Kimoja ni Iacocca: An Autobiography, cha mwaka 1984. Kingine ni Trump: The Art of the Deal, cha mwaka 1987. Muuzaji aliniangalia, akacheka, akaniambia, "Dada, hivi vya utajiri havikai hapa, una bahati." Nikamlipa bila kumweleza kwamba utajiri sio niliokuwa nautafuta. Nilitaka kuona mafundi walivyofanya kazi.

Maana mwenzenu mwaka juzi niliandika kitabu ambacho jina langu halimo. Ni maisha ya mfanyabiashara mmoja, mtu wa malori, yameandikwa kwa nafsi ya kwanza: nilizaliwa, nilihangaika, nilifanikiwa. "Ni" zote zile ni zangu mimi, nilizichonga usiku baada ya kutoka chumba cha habari. Sasa amekuja mwingine, naye anataka chake. Kwa hiyo ninaposoma Wamarekani hawa, sisomi kama mhakiki aliyekaa pembeni na kalamu nyekundu. Nasoma kama fundi cherehani anayegeuza koti la mtu upande wa ndani ili aone mishono.

Mshono wenyewe uko palepale jaladani. Jina la mwenye kitabu limeandikwa kwa herufi za kujaza ukurasa. Chini yake, kwa herufi ndogo ambazo mtu mwenye haraka hazioni, pameandikwa kwamba ameandika pamoja na William Novak, au pamoja na Tony Schwartz. Hiyo "pamoja na" ndiyo habari yangu leo. Tuna msamiati mzuri wa jambo la kinyume: mfanyakazi hewa, yule ambaye jina lake lipo kwenye orodha ya mishahara lakini mtu mwenyewe hayupo. Mwandishi kivuli amemgeuza huyo kichwa chini miguu juu. Mtu yupo, kazi ameifanya, jina ndilo halipo.

Kwanza tuweke mazingira. Kituo cha televisheni cha CNN kilianza kurusha habari saa 24 mwaka 1980. Mwaka uliofuata, Januari, mwigizaji wa zamani wa filamu, Ronald Reagan, aliapishwa kuwa rais. Mwaka 1982 likaja gazeti la USA Today lenye rangi na habari fupifupi, na mwaka huohuo jarida la Forbes likatoa kwa mara ya kwanza orodha ya Wamarekani 400 matajiri kuliko wote. Ukiviweka vitu hivi pamoja utaona njaa iliyokuwepo: nafasi nyingi za habari, na uhaba wa sura za kuzijaza. Siasa ilishapata mwigizaji. Biashara nayo ikaanza kutafuta nyota wake, na bosi wa kampuni, mtu ambaye zamani hakuna aliyemjua nje ya bodi yake, akaanza kuombwa saini yake uwanja wa ndege.

Nyota wa kwanza alikuwa Lee Iacocca, mtoto wa wahamiaji wa Kitaliano kutoka Allentown, Pennsylvania. Alipanda ngazi za kampuni ya Ford, akajipatia sifa kwa gari la Mustang lililoingia sokoni mwaka 1964, akawa rais wa kampuni, halafu mwaka 1978 Henry Ford II akamfukuza. Miezi michache baadaye akachukua Chrysler, kampuni iliyokuwa inakata roho. Aliomba serikali iidhamini mikopo ya dola bilioni 1.5. Rais Carter alisaini sheria hiyo Januari 1980, na mwaka 1983 Chrysler ikalipa deni lote, miaka saba kabla ya muda. Wakati huo Iacocca mwenyewe anaonekana kwenye matangazo ya televisheni akimwambia mteja kama unaweza kupata gari bora kuliko hili, kalinunue. Kitabu chake kilishika nafasi ya kwanza kwa mauzo ya vitabu visivyo vya hadithi Marekani mwaka 1984, na kikaishika tena mwaka 1985. Watu wakaanza kumtaja kama mgombea urais.

Nimekifungua nikitegemea kuchoka. Sikuchoka, na nataka nieleze ni kwa nini, kwa sababu hapa ndipo Novak anapostahili heshima yake. Kitabu hakianzi na ushindi. Kinaanza na ghala. Iacocca amefukuzwa, na kwa mujibu wa makubaliano anapewa ofisi ya muda kwenye ghala la vipuri. Jana alikuwa na ofisi ya kifalme, leo ana kiofisi chenye sakafu iliyopasuka na vikombe vya plastiki mezani, na katibu wake amekaa hapo anatokwa machozi. Mtu yeyote aliyewahi kupewa barua ya kuachishwa kazi anamwelewa bwana huyu kabla hajafika ukurasa wa tatu, na hatakumbuka tena kuuliza ni dola milioni ngapi alizokuwa amekwishavuna hadi siku hiyo.

Huo ndio ufundi. Novak alikuwa kijana asiyejulikana, na sidhani kama alijali sana habari za magari. Alichokipata ni kinyongo. Iacocca alimchukia Henry Ford kwa chuki ya kweli, ya mtu aliyedhalilishwa, na Novak akaiacha ichemke. Anasimulia kwamba alipouliza kosa lake akajibiwa, kwa maana hiyo, kwamba kuna wakati mtu humpendi tu basi. Sentensi zinakuwa fupi, matusi mawili matatu yanapenya, na unasikia kabisa mtu anayesimulia mezani baada ya chakula. Novak alielewa jambo ambalo mimi nilichelewa kulielewa: msomaji hampendi mtu aliyefanikiwa. Anampenda mtu aliyeonewa, halafu mafanikio anamsamehe.

Lakini angalia mahali ambapo sauti inapungua. Gari la Pinto la Ford lilikuwa na tangi la mafuta lililoweza kulipuka likigongwa kwa nyuma. Watu waliungua, na mwaka 1978 Ford ililazimika kuyaita magari yapatayo milioni 1.5 yarudi kurekebishwa. Pinto lilitengenezwa wakati wa Iacocca, na yeye mwenyewe alilisukuma liingie sokoni haraka. Kitabu kinapita hapo kama dereva anayepita karibu na trafiki: mwendo wa taratibu, macho mbele, halafu gia. Ghala limepewa kila kitu mpaka vikombe. Waliokufa ndani ya Pinto hawana hata jina moja la kukumbuka.

Na kuna ile dola moja. Wakati wa kuinusuru Chrysler, Iacocca alijipangia mshahara wa dola moja kwa mwaka, na kitabu kinaitumia kufundisha somo la wote kujinyima kwa usawa: menejimenti, wauzaji, mabenki, chama cha wafanyakazi. Ni kweli chama kilikubali kupunguziwa maslahi, na ni kweli rais wake aliingizwa kwenye bodi. Ila karibu nusu ya ajira za Chrysler zilipotea katika miaka ile, na aliyepoteza ajira hana kitabu. Kwa mwaka 1986 Iacocca alipata, ukijumlisha na hisa, zaidi ya dola milioni 20. Hilo halimo kitabuni, kitabu kilishachapwa. Lakini hata lingekuwa limetokea mapema, sioni ukurasa ambao Novak angeliweka. Kwa haki lazima niseme pia kwamba Iacocca aliyatoa mapato yake ya kitabu kwa utafiti wa kisukari, ugonjwa uliomchukua mkewe Mary mwaka 1983, na kurasa zinazomhusu mkewe hazina mapambo.

Na Novak alipata nini? Alilipwa ada ya mkupuo, bila mrabaha. Kitabu kikauza mamilioni ya nakala na yeye akabaki na ada yake. Lakini simu ikaanza kulia, na hapa ndipo habari inaponoga.

Angalia wateja wake waliofuata. Mwaka 1986 aliandika pamoja na Sydney Biddle Barrows, mwanamke wa ukoo wa watu waliofika Marekani na meli ya Mayflower, aliyekuwa akiendesha biashara ya ukahaba wa hali ya juu New York mpaka alipokamatwa. Mwaka 1987 aliandika pamoja na Tip O'Neill, spika wa zamani wa bunge, mwanasiasa mkubwa wa chama cha Democratic. Mwaka 1989 akaandika pamoja na Nancy Reagan, mke wa rais. Ndani ya miaka mitano mtu mmoja amekuwa "mimi" wa bosi wa magari, "mimi" wa mama wa danguro, "mimi" wa spika na "mimi" wa Mama wa Ikulu. Ukitaka kusikia siasa, biashara na udaku wa Marekani ya miaka ile ukitoka kwenye koo moja, ndiyo hiyo.

Cha kustaajabisha zaidi ni hao wawili wa mwisho. Tip O'Neill alipambana na Reagan bungeni miaka sita. Katika kitabu chake anamsifu kwa ucheshi na urafiki, halafu anamhukumu kuwa rais mbovu kuliko wote aliowahi kufanya nao kazi. Miaka miwili baadaye mkono uleule unaandika utetezi wa nyumba ya Reagan, kwa sauti ya mke aliyechoka kusemwa. Sisemi kwamba Novak ni mnafiki. Wakili anaweza kumtetea mlalamikaji leo na mshtakiwa kesho, hakuna anayemwita mnafiki. Ila wakili anasimama mahakamani na joho lake, kila mtu anamwona. Huyu amevaa ngozi ya mteja.

Kitabu cha Nancy, My Turn, kwa kweli ni jibu la kitabu kingine. Donald Regan, aliyekuwa mkuu wa wafanyakazi wa Ikulu na kabla ya hapo bosi mkubwa wa Wall Street, aliondolewa mwaka 1987 kwa mkono wa Nancy. Mwaka 1988 akatoa For the Record na kuuambia ulimwengu kwamba ratiba ya rais wa Marekani ilikuwa ikipangwa kwa kusikiliza mnajimu wa huko San Francisco. Wapiga ramli Ikulu! Magazeti yaliyozoea kuandika hivyo kuhusu marais wetu sijui yalijisikiaje. Nancy akajibu kwamba baada ya mumewe kupigwa risasi Machi 1981 aliishi kwa hofu, na mtu mwenye hofu hushika chochote. Kwangu mimi ndizo kurasa zake nzuri kuliko zote. Tena Novak kafanya kilekile alichofanya kwa Iacocca: kamtafutia mteja wake ghala.

Mwaka huohuo 1988 kuna kitabu ambacho leo hakisomwi sana, Speaking Out cha Larry Speakes, msemaji wa Reagan. Ndani yake alikiri kwamba kwenye mkutano wa Geneva na Gorbachev, Novemba 1985, alitunga maneno mwenyewe akawapa waandishi kama maneno ya rais. Aliogopa Gorbachev anasikika vizuri kuliko bosi wake. Waandishi waliyachapa. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba Speakes alipoteza kazi yake mpya Merrill Lynch. Mimi kilichonigusa ni kwamba alishangaa kwa kelele zile. Alijua alimfahamu rais kiasi cha kujua angesema nini. Hicho ndicho hasa nilichojiambia mimi pale mteja wangu aliposhindwa kukumbuka alijisikiaje siku lori lake la kwanza lilipofika Tunduma. Nikamkumbukia. Reagan mwenyewe, kitabu chake kilipotoka mwaka 1990, alitania kwamba amesikia ni kizuri na iko siku atakisoma. Watu walicheka. Angalau yeye alisema.

Sasa The Art of the Deal. Neno lenyewe linanipa shida. Hili "deal" sisi tulilichukua likawa dili, na lilipofika kwetu likanuka: mpiga dili si mtu unayemkabidhi funguo. Kwa Kiingereza cha Trump dili ni sanaa, na sanaa hiyo ina msanii. Nadhani mtaa wetu ulilisoma neno hili vizuri zaidi kuliko wahakiki wa New York.

Historia ya kitabu ni ndefu kuliko kitabu. Mei 1984 jarida la GQ lilimweka Trump jaladani. Makala aliiandika Graydon Carter. Toleo likauzika sana, na mwenye kampuni, S. I. Newhouse, ambaye pia alimiliki shirika la uchapishaji la Random House, akaona kuna kitabu hapo. Kabla hata ya kitabu, Trump alikuwa tayari mwandishi kivuli wa nafsi yake. Mwaka 1984 mwandishi wa Forbes, Jonathan Greenberg, alikuwa akitengeneza ile orodha ya matajiri, akapigiwa simu na mtu aliyejiita John Barron, ofisa wa kampuni ya Trump, akimhakikishia kwamba bosi ni tajiri kuliko inavyodhaniwa. Mkanda upo. Greenberg aliutoa mwaka 2018, na sauti ile ni ya bosi mwenyewe.

Tony Schwartz aliajiriwa kwa masharti ambayo Novak angeyalilia: nusu ya malipo ya awali ya dola 500,000, nusu ya mrabaha, na jina lake jaladani. Mwaka 1985 alikuwa ameandika kwenye jarida la New York habari ya Trump akijaribu kuwatoa wapangaji kwenye jengo moja la Central Park South na kushindwa vibaya. Ilikuwa makala ya kumuumbua. Trump akaipenda kwa sababu sura yake ilikuwa jaladani. Mwandishi mwenye busara angekimbia hapohapo. Schwartz alikuwa na familia inayokua na madeni ya nyumba ya New York, na mimi si mtu wa kumcheka.

Akaanza mahojiano, akagundua hayaendi. Trump hakai. Ukimuuliza habari za utotoni anachoka baada ya dakika chache, anataka kujua kama tumemaliza. Schwartz akabuni njia: akaomba akae ofisini asikilize simu zake, upande wa pili wa mstari. Miezi ikapita hivyo. Ndiyo maana sura ya kwanza ya kitabu ni wiki ya mtu kwenye simu, saa kwa saa: anaongea na benki, na wakili, na dalali, na mwandishi wa habari, na benki tena. Nilipoisoma mara ya kwanza nikiwa chuo, kabla sijajua haya, niliona ni mbinu ya kisasa kabisa, yenye kasi, kama filamu. Kumbe ni kiraka. Hakuna ndani, kwa hiyo fundi katushonea nje tu, na kashona vizuri mno kiasi kwamba tuliona ndio mtindo.

Linganisha na ghala la Iacocca na utaona tofauti ya vitabu hivi viwili kuliko nitakavyoweza kuieleza kwa nadharia. Iacocca anaona aibu. Hata anapodanganya kwa kunyamaza, unajua ananyamazia nini. Katika The Art of the Deal hakuna aibu, hakuna marehemu anayeliliwa, kaka yake aliyekufa kwa ulevi anapitishwa kwa maneno machache ya huruma. Kilichopo ni sauti: changamfu, yenye mzaha, inayokiri utundu wake yenyewe. Sauti ile ni ya Schwartz. Yeye ndiye aliyembunia Trump ile nadharia maarufu ya kutia chumvi kwa ukweli, chumvi isiyomdhuru mtu, na baadaye akakiri kwamba ni maneno yanayojipinga yenyewe. Kwenye karatasi yanapendeza. Mtu anayetia chumvi tunamjua, ni mjomba wa kila familia. Schwartz alimchukua mtu anayesema uongo, akampa jina la mjomba.

Sura ninayoipenda, nakiri, ni ile ya uwanja wa barafu wa Wollman, Central Park. Jiji la New York lilihangaika nao tangu 1980, miaka sita, mamilioni ya dola, barafu haigandi. Mwaka 1986 Trump akajitolea, na kazi ikaisha kwa miezi michache, chini ya bajeti. Ni habari ya kweli na ina raha yake, hasa kwa sisi tunaozijua barabara zinazochimbwa na kufukiwa na kuchimbwa tena. Ninaposoma sura hiyo namsahau kabisa Trump, nabaki na mabomba ya maji ya chumvi na wahandisi. Halafu nakumbuka kwamba wahandisi wale hawaongei. Kampuni ya ujenzi ilifanya kazi, na kitabu kinasema "nilijenga".

Kilitoka Novemba 1987, wiki chache tu baada ya Oktoba 19, siku ambayo soko la hisa la New York lilianguka kwa asilimia 22.6. Ungedhani ni wakati mbaya wa kumuuza tajiri. Kilikaa kwenye orodha ya New York Times wiki 48, wiki 13 kikiwa namba moja. Mhakiki wa gazeti hilo aliandika kwamba kwa kitambo mtu anajikuta akiiamini tena ndoto ya Marekani. Bwana yule hakuwa mjinga. Alikuwa amesoma nathari nzuri, akadhani amekutana na mtu.

Uhakiki bora wa kitabu kile, kwa maoni yangu, haukuandikwa na mhakiki wa vitabu. Graydon Carter yuleyule wa GQ alianzisha na Kurt Andersen jarida la dhihaka la Spy mwaka 1986. Wakati fulani walifungua kampuni ya bandia na kuwatumia matajiri na watu maarufu hundi za dola 1.11. Waliokwenda kuchukua hela wakatumiwa ya senti 64. Waliochukua tena wakatumiwa ya senti 13. Wawili ndio walioweka hundi ya senti 13 benki: mfanyabiashara wa silaha Adnan Khashoggi, na Donald Trump. Habari ikachapwa mwaka 1990, mwaka ambao madeni ya Trump yalikuwa yanamfika shingoni. Rekodi za kodi zilizochapwa na New York Times mwaka 2019 zinaonyesha kwamba kati ya 1985 na 1994 biashara zake zilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni moja. Yaani wakati Schwartz amekaa upande wa pili wa simu akiandika jinsi dili zinavyopatikana, pesa zilikuwa zinatoka kwa mlango wa nyuma.

Julai 2016, Trump akiwa mgombea, Schwartz alizungumza na Jane Mayer wa jarida la New Yorker na kutubu hadharani. Alisema anajuta, na kwamba kingekuwa kinaandikwa leo angekipa jina lingine baya sana. Wakili wa Trump akamwandikia barua kumtaka arudishe mrabaha. Nimeisoma makala ile mara nyingi na bado sijatulia nayo. Toba yake ni ya kweli, lakini imechagua kosa la kutubia. Anajuta kwamba alimpamba mtu huyu. Hajuti sana kwamba alipamba, kwa jumla. Na hapo ndipo ninapomwona Novak akipita bila kuulizwa, kwa sababu tu wateja wake walistaafu kwa amani. Wale wa Pinto, wale wa Chrysler, wana swali kwa Novak kama wapangaji wa Central Park South walivyo nalo kwa Schwartz. Au tuseme kivuli kina kosa pale tu mwenye kivuli anapokuwa rais?

Sisi wenyewe jambo hili si geni. Tawasifu ya mfanyabiashara ilianza mapema kwa Kiswahili. Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, aliandika maisha yake Zanzibar akihimizwa na Mjerumani Heinrich Brode, ambaye ndiye aliyeyachapisha. Na jina la kitabu linasisitiza kwamba ni kwa maneno yake mwenyewe. Husisitizi jambo ambalo hakuna mwenye shaka nalo. Safari zimehesabiwa, pembe zimehesabiwa. Waliobebeshwa pembe hizo utawatafuta.

Nirudi kwenye malori. Nilipokuwa naandika kitabu cha yule mteja wangu, nilizungumza na madereva wake wa zamani ili nipate rangi ya barabara. Mmoja alinieleza, dakika 40, jinsi walivyokaa miezi mitano bila mshahara huku malori mapya yakiingia. Niliandika kurasa tatu. Mteja alizisoma, hakukasirika hata kidogo, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, hizi zinapoteza mwelekeo." Nikazitoa. Badala yake kuna sentensi moja: kipindi kile kigumu nilijifunza kubana matumizi. Ni sentensi nzuri, ina mizani. Siku ya uzinduzi, ukumbi wa hoteli, aliisoma kwa sauti na watu wakapiga makofi. Nilikuwa meza ya nyuma. Nilipiga makofi pia.

Mkanda wa dereva bado ninao kwenye simu. Huyu mteja wa pili anatoa hela inayozidi mshahara wangu wa mwaka mzima, mshahara ambao wenyewe huja ukitaka. Alhamisi alinipigia kuuliza kama nimekubali, na kama nitaweza "kuipata sauti yake". Nimemwandikia ujumbe kwamba nitakuja Jumatatu na kinasa sauti, na kwamba kabla ya kumhoji yeye ninaomba namba za simu za watu watano aliowahi kuwafukuza kazi. Tiki mbili za bluu zimeonekana tangu Ijumaa. Hajajibu.